Ndege Wavishwao Pete

Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana na chepesi mno. Kitu chenyewe ni pete ya alumini ivishwayo mguuni mwa ndege wa porini, nayo imechorwa namba na jina la mji. Yamkini siku moja mmoja wenu ataokota ndege wa namna hii kando ya Mto Mara, au mtoto atamleta nyumbani mkononi, na wazee watauliza: Nani amemfunga huyu, na kwa sababu gani? Basi hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Watu wa Nyanungu hawahitaji mwalimu wa kuwaambia kwamba wanyama husafiri. Kila mwaka, tangu kadiri ya Julai hata Oktoba, nyumbu hufika kaskazini ya Serengeti na kuuvuka mto, na wageni hutoka nchi za mbali kuja kuwatazama. Msafara ule una vumbi na kelele, hata kipofu aujua. Lakini kuna msafara mwingine upitao juu ya paa zenu usiku, mkiwa mmelala, wala hauna vumbi wala kishindo. Ni msafara wa ndege wadogo, wengi wao wazito kiasi cha gramu 10 au 20 tu, na wenye elimu ya ndege wamekadiria kwamba watokao Ulaya peke yake kuja Afrika kila mwaka wapita bilioni mbili. Nyumbu wote wa Serengeti, karibu milioni moja na nusu, ni kijiji kimoja tu mbele ya taifa hilo.

Wengine katika ndege hawa mwawajua kwa macho. Yuko mbayuwayu, mwenye mkia wa panda, arukaye chini chini juu ya majani akila nzi hewani. Yuko ndege mwembamba mwenye tumbo la manjano afuataye ng'ombe malishoni, akitikisa mkia wake kila anaposimama. Yuko mbwigu mwenye mgongo wa rangi ya kutu, akaaye juu ya mwiba peke yake kama askari wa zamu, na akikamata panzi wengi kuliko tumbo lake huwachoma katika miiba ya mgunga na kuwaweka akiba. Tena wako wale wa kahawia wasio na pambo lolote, wakaao ndani ya matete na mafunjo, ambao mtu husikia sauti zao asiwaone. Hawa wa mwisho ndio nitakaowasema zaidi, kwa sababu ndio wasiojulikana.

Hao wote hawakuzaliwa huku. Walizaliwa Ulaya na Asia ya kaskazini, na huko ndiko wajengako viota. Kwetu huja kadiri ya Oktoba na Novemba, na huondoka Machi na Aprili. Wakati huo kwetu ni masika, wakulima wapalilia mahindi, na vijito vimejaa. Huko kwao theluji yayeyuka, miti yachipua, na wadudu waamka. Watu wengi hudhani kwamba ndege hawa hukimbia baridi. Sivyo kamwe. Manyoya ni blanketi njema kupita zote, na ndege aliyeshiba hustahimili baridi kali. Wakimbiacho ni njaa, maana baridi ikishika huko, wadudu hufa au hujificha, na ndege mla wadudu hana cha kutia kinywani.

Mwanafunzi mmoja chuoni aliwahi kuniuliza: Ikiwa huku kwetu wadudu wako mwaka mzima, mbona hawa wageni hawakai moja kwa moja? Nilipenda swali lake. Jibu ni kwamba huku wenyeji ni wengi. Kila kichaka kina mwenyewe, na kila kiota kina nyoka wa kukitafuta. Huko kwao, katika mwezi wa Juni, mchana ni mrefu mno: nchini Denmark jua huwaka zaidi ya saa 17. Ndege mwenye makinda huwalisha tangu alfajiri hata saa ambayo kwetu watu wamekwisha lala, naye huweza kuwalea wengi zaidi kwa mara moja. Kwa hiyo hupanda huko na kusubiri huku, kama mtu mwenye mashamba mawili, moja la masika na moja la vuli.

Haya tunayoyasema kwa urahisi leo hayakujulikana zamani, hata na watu wenye vitabu. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Wayunani, aliandika kwamba mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi. Baadaye watu wa Ulaya kaskazini wakasadiki kwamba hulala chini ya maji ya maziwa, katika matope. Na Mwingereza mmoja, Charles Morton, naye alikuwa mchungaji na mwalimu, aliandika katika karne ya 17 kwamba korongo husafiri mpaka mwezini. Nawakumbusha hayo ili kijana wa shule asicheke haraka anapomsikia babu yake akisema neno juu ya wanyama ambalo halimo kitabuni. Babu huenda amekosea. Lakini aliyeandika kitabu naye alikosea, tena kwa wino.

Kilichowafumbua macho ni mshale. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani ya kaskazini, alipigwa korongo mweupe ambaye shingo yake ilikuwa imepenywa na mshale mrefu wa mti. Mshale ule haukuwa wa Ulaya. Ulifanana na mishale ya Afrika. Ndege yule alikuwa amechomwa huku, akaponea, akaruka na mti wake shingoni juu ya majangwa na bahari mpaka kwenye kiota chake. Watu wakafahamu kwamba korongo haendi mwezini. Bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mshale wake ungali shingoni. Mwindaji aliyempiga hakujulikana jina, naye hakujua kwamba amepeleka barua.

Lakini elimu haiwezi kungojea mishale. Ikatakiwa alama isiyomwumiza ndege, na isiyopotea. Aliyeipata ni mwalimu wa shule, Bwana Hans Christian Mortensen wa mji wa Viborg, Denmark. Alijaribu kwanza kwa madini ya zinki mwaka 1890, akaona pete ni nzito, zamlemea ndege. Akaiacha kazi mpaka alipopata alumini, madini mepesi. Mwaka 1899 aliwakamata kwezi 165 katika masanduku ya viota, akawavisha pete zenye namba na jina la mji wake, akawaachia. Hapo ndipo kazi hii ilipoanza kwa utaratibu. Nakiri kwamba nafurahi kuona ni mwalimu, maana watu hudhani kwamba mwalimu kazi yake ni chaki tu.

Uingereza wakafuata mwaka 1909. Tarehe 6 Mei, 1911, mwanasheria mmoja, Bwana John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa akijenga kiota nyumbani kwake huko Cheadle, Staffordshire. Namba yake ilikuwa B830. Tarehe 23 Desemba, 1912, mbayuwayu yule yule alinaswa ndani ya nyumba ya shamba karibu na mji wa Utrecht, katika Natal, Afrika ya Kusini. Ndege aliye mwepesi kama barua ya karatasi moja alikuwa amepita urefu wote wa Afrika. Watu walioisoma habari ile mwanzoni hawakuisadiki, lakini namba ni namba.

Sasa natuje kwetu. Katika Afrika ya Mashariki kazi ya kuvisha pete ilikuzwa na wanachama wa chama cha elimu ya viumbe kilichoko Nairobi, na pete zao zikaandikwa jina la Makumbusho ya Nairobi. Kandokando ya Ziwa Victoria, kusini mwa Uganda, Bwana David Pearson aliwanasa ndege wa matete na wengine katika miaka ya 1960, mwezi baada ya mwezi, hata siku zao za kuondoka. Ziwa lile ni lile lile linywalo maji ya Mto Mara, na mafunjo yale ni ya namna moja na mafunjo ya bwawa letu. Kwa hiyo yaliyoonekana kule yatufaa huku.

Nitaeleza jinsi kazi ilivyo. Wavu wa kunasia asili yake ni Japani, ambako wawindaji waliutumia zamani kwa kukamata ndege wa kula. Ni wa uzi mwembamba sana mweusi, hata ukisimamishwa kati ya nguzo mbili mbele ya matete, jicho la mtu halioni ila kivuli kama ukungu. Na kwa Kijapani jina lake lina maana ya ukungu. Wavu una mifuko mifuko iliyolegea. Ndege arukaye alfajiri hajui kuwa mbele yake pana kitu. Hugonga, huanguka mfukoni, hulala humo kama katika machela. Haumii, mradi mwenye wavu hachelewi. Kwa sababu hiyo desturi ni kupita kwenye nyavu kila nusu saa au upesi zaidi, na mvua ikianza au jua likiwa kali nyavu hukunjwa mara moja. Mtu mvivu hafai kazi hii.

Ndege akitolewa wavuni hutiwa katika mfuko wa kitambaa, humo gizani hutulia. Kisha huletwa mezani. Mvishaji humshika shingo kati ya vidole viwili, mgongo katika kiganja, bila kumkaza kifuani, kwa kuwa ndege hupumua kwa kukitanua kifua chake, naye akibanwa hapo hufa mara moja. Pete hufungwa kwa koleo yenye tundu la kadiri yake, ikaachwa izunguke na kupanda na kushuka mguuni bila kukwama. Uzito wake haufiki sehemu ya mia ya uzito wa ndege. Ni kama mtu mzima kuvaa saa mkononi. Kisha hupimwa urefu wa bawa kwa rula, hutazamwa manyoya kama ni mapya au yamechakaa, na mwisho hupulizwa kifuani.

Kupulizwa huko huwashangaza watazamaji, walakini ni jambo la akili. Ngozi ya ndege ni nyembamba kama karatasi ya kuangazia. Manyoya ya kifua yakipulizwa na kutengana, yaonekana nyama nyekundu ndani yake, na shimo dogo chini ya koo, mahali ambapo mifupa ya mabega hukutana. Ndege wa Januari shimo lake ni tupu. Ndege wa Aprili shimo lake limejaa kitu cha manjano kama samli, nacho kimeenea hata tumboni. Hayo ni mafuta, na mafuta ndiyo safari yenyewe.

Maana fikirini njia iliyo mbele yake. Kutoka Ziwani huenda kaskazini juu ya nchi kavu, kisha majangwa, kisha bahari, mamia ya kilomita kwa usiku mmoja, na mahali pengi pa kutua hapana mdudu wala tone la maji. Hawezi kubeba chakula mgongoni wala kibuyu cha maji. Basi hula mpaka mwili wake uwe ghala. Ndege wa matete wa gramu 10 au 12 hunenepa majuma ya mwisho, na wengine hukaribia uzito wa mara mbili. Mafuta yakiunguzwa mwilini hutoa nguvu nyingi kuliko chakula kingine chochote cha uzito ule ule, tena hutoa na maji kidogo. Kwa hiyo ghala lake ni kisima chake pia. Ghala hilo hujazwa kwa nzi, mbu, na vidudu vya mafunjo. Akikosa majuma hayo mawili au matatu ya kula vizuri, ataondoka pungufu, na jangwa halikopeshi.

Jambo la pili lililoonekana Uganda ni juu ya manyoya. Bawa la ndege huchakaa kama kanzu. Ni lazima libadilishwe kila mwaka. Ndege wengi wa matete hawabadili mabawa Ulaya. Huyabadili huku kwetu, katika miezi ya Desemba hata Machi, unyoya mmoja mmoja, ili wasishindwe kuruka. Kwa hiyo yule ndege aimbaye Mei kando ya mto wa Ujerumani au Poland, mabawa yaliyomfikisha kwake yameoteshwa na wadudu wa mabwawa ya Afrika. Na haya si maneno ya mapambo tu. Wenye elimu siku hizi huchukua unyoya mmoja, wakaupima katika mashine, wakatambua kwa dalili zilizomo ni nchi ya namna gani iliyouotesha.

Mahali pengine palipojulikana duniani kwa kazi hii ni Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, nchini Kenya. Hapo pana hoteli juu ya ukingo wa kilima, iliyojengwa mwaka 1969, nayo iliwekewa taa kali za kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Mwezi wa Novemba na Desemba ukungu hushuka juu ya kilima kile. Usiku usio na mbalamwezi, ndege wasafirio kwenda kusini huzungukwa na ukungu, wakapoteza nyota, wakaziona taa, wakateremka kwa maelfu. Wageni walikuja kumtazama chui, wakaona mvua ya ndege. Tangu mwaka ule ule 1969 wavishaji pete wamekuwa wakikutana hapo karibu kila mwaka, na ndege waliovishwa wamepita 400,000. Baadhi ya pete zao zimepatikana Saudi Arabia, Urusi, Ujerumani, na kwingineko. Lakini ni chache mno: katika ndege 1,000, hata mmoja hapatikani mbali. Wengine wote hufa mahali asipopita mtu, au hupatikana na mtu asiyejua kusoma pete, au ajuaye na asiandike. Nitalirudia neno hili.

Ndege apatikanaye kwa wingi Ngulia ni mmoja wa kahawia, wala hana uzuri wa kumtazama. Kwa sauti yake na tumwite mwigaji. Mwanamke mmoja wa Ubelgiji, Bibi Françoise Dowsett-Lemaire, alikaa akisikiliza madume wa ndege hawa wakiimba katika nchi yake, kila mmoja peke yake, akiandika kila sauti aliyoitambua. Mwaka 1979 alitangaza aliyoyaona. Dume mmoja, kwa wastani, alikuwa akiiga sauti za ndege wa namna 76. Wote kwa jumla walikuwa wakiiga namna zaidi ya 200, na kati ya hizo 113 hazipatikani Ulaya: ni ndege wa Afrika! Mwigaji hujifunza wimbo wake katika mwaka wake wa kwanza, akikusanya sauti njiani na mahali akaapo, kisha hurudi kwao na kumwimbia mchumba wake mkusanyo ule. Mtu aliyejifunza sauti za ndege wa Afrika ya Mashariki angeweza kusimama katika shamba la Ubelgiji mwezi wa Juni, akasikia kinywani mwa kindege kimoja kelele za asubuhi za nyumbani kwake. Mimi katika mambo yote niliyosoma juu ya ndege sijapata kukutana na lililonipendeza kuliko hili.

Pete ina upungufu wake. Yasema ndege alikuwa hapa siku fulani, na akawa pale siku nyingine. Ya katikati haisemi. Kwa hiyo tangu mwaka 2007 wamekuwa wakiwafunga ndege wadogo mgongoni chombo kisichozidi gramu moja au mbili, kinachoandika mwanga wa mchana tu. Wanafunzi, sikilizeni jinsi kinavyofanya kazi, maana ni hesabu ya jiografia mliyofundishwa. Chombo huandika saa jua linapotoka na saa linapotua. Adhuhuri ya mahali huonyesha umbali wa kwenda mashariki au magharibi, kwa kuwa jua hutangulia mashariki. Na urefu wa mchana huonyesha umbali kutoka ikweta, kwa kuwa kadiri uendavyo kaskazini wakati wa kiangazi chao ndivyo mchana urefukavyo. Lakini karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, mchana na usiku huwa sawa duniani kote, na siku hizo hesabu ya pili haisaidii. Tena chombo hakitumi habari. Sharti ndege yule yule anaswe tena mwaka ujao. Kwa hiyo kazi yote yategemea uaminifu wa ndege kurudi kwenye kichaka chake, na kwa kweli wengi hurudi.

Kwa vyombo hivyo wenye elimu wa Denmark na Sweden waliwafuata wale mbwigu wa mgongo wa kutu. Wakaona kwamba wakati wa kwenda hupitia upande wa magharibi zaidi mpaka kusini mwa Afrika, na wakati wa kurudi hupanda kwa Afrika ya Mashariki, wakatua katika pembe ya Somalia na Ethiopia kula na kunenepa, kisha wakavuka Arabuni. Ikafika mwaka 2011. Ninyi mwaikumbuka au mmeisikia njaa ya mwaka ule: mvua zilikosekana Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, mifugo ikafa, watu wakahama. Mwaka ule mbwigu walichelewa kufika kwao, na pamoja nao ndege mwingine mwimbaji wa usiku apitaye njia hiyo. Vyombo vyao vilieleza sababu: walikuwa wamekaa siku nyingi zaidi katika nchi ile yenye ukame, wakitafuta chakula cha kujazia ghala. Watu wa Ulaya waliona tu kwamba ndege wamechelewa. Sababu ilikuwa huku, mahali ambapo mfugaji alikuwa akiutazama mfupa wa ngamia wake. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2012.

Basi turudi mtoni kwetu. Mto Mara watoka katika Msitu wa Mau nchini Kenya, wapita Serengeti ya kaskazini, wateremka kupita wilaya za Tarime na Serengeti, kisha kabla ya kuingia Ziwani hutandaa na kuwa bwawa kubwa la mafunjo, juu ya Daraja la Kirumi lililo katika barabara ya Musoma na Tarime. Mtu wa Nyanungu hulihesabu bwawa lile kuwa mbali. Lakini matope yaliyomo yametoka juu, na baadhi yake ni udongo wa mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni. Watu wa bwawa nao hukata mafunjo kwa mikeka na kuezeka, huvua kambare na kamongo, na wakati wa kiangazi wengine huyachoma ili majani machanga yaote kwa ng'ombe.

Sitaki kuwahukumu, maana ng'ombe sharti ale, na mtu asiye na bati sharti aezeke. Mafunjo yakikatwa shina likiachwa huota tena upesi. Yule akataye sehemu na kuacha sehemu hana neno na ndege. Moto ni habari nyingine. Uchomwao mwezi wa Februari au Machi huondoa wadudu wote katika majuma yale yale ambayo mgeni hujaza ghala lake, naye hana wakati wa kungoja majani yaote. Aliyechoma haoni ndege aliyekufa, kwa kuwa ndege hafi hapo. Hufa siku kumi baadaye, juu ya mchanga, katika nchi ambayo mchomaji hakupata kuisikia. Wazee wenye kuamua mambo ya malisho waweza kupanga sehemu gani ichomwe na lini. Jambo hilo liko katika uwezo wao kuliko uwezo wa mwalimu.

Neno moja kwa vijana. Nawajua: mkisikia habari za wavu mtatamani kutega. Ulimbo na mitego yenu humng'oa ndege manyoya au kumvunja mguu, na ndege wa namna hiyo hasafiri. Tena mvishaji pete hufundishwa muda mrefu chini ya mtu mwenye ujuzi, naye hufanya kazi kwa kibali. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kukamata wanyama wa porini bila kibali ni kosa. Atakaye kuanza na aanze kwa daftari. Aandike siku ya kwanza alipomwona mbwigu wa mgongo wa kutu juu ya mwiba, na siku ya mwisho, kila mwaka. Mtoto wa darasa la tano akifanya hivyo mpaka amalize shule, atakuwa na jambo ambalo hata maprofesa watapenda kulisoma.

Na sasa pete yenyewe. Mtu akimkuta ndege mwenye pete, asiogope. Si uchawi, wala si upelelezi. Mwaka 2013, huko Qena nchini Misri, mtu mmoja alimkamata korongo mwenye chombo mgongoni, akamdhania mpelelezi wa nchi ngeni, akampeleka polisi. Nao polisi wakamweka korongo kizuizini mpaka ilipojulikana kwamba chombo ni cha watu wa elimu ya ndege. Afadhali kwetu yasitokee hayo.

Ndege akiwa hai, msimvue pete. Mshikeni kwa upole, someni namba yote na maneno yote, mwandike kama yalivyo hata kama si lugha mnayoijua, kisha mwachieni. Neno "Moskwa" ni Urusi, "Stockholm" ni Sweden, na "Radolfzell Germania" ni Ujerumani. Akiwa amekufa, vueni pete, muinyoshe, muigandishe kwa gundi juu ya karatasi. Andikeni tarehe, jina la kijiji na wilaya, jinsi alivyopatikana, kama ameuawa na paka au amegonga waya au ameokotwa tu, na jina lenu na anwani. Pelekeni kwa mwalimu wa shule au kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya, au mtume wenyewe kwa anwani iliyochorwa juu ya pete. Msiseme uongo kwa kuogopa. Kama mtoto alimpiga kwa manati, andikeni kwa manati, kwa maana hiyo nayo ni habari. Baada ya muda hurudi majibu yenye jina la mji ule, siku ndege alipovishwa pete, umri wake siku hiyo, na idadi ya kilomita kutoka pale mpaka mlangoni penu.